Ile Kemshafti Niliyokwambia Ukaiuze Chuma Chakavu

Salima,

Usitafute salamu hapa juu, hazipo. Zetu tulipeana jioni, nilipoingia ndani: wewe shikamoo, mimi marahaba, basi, redio ikazimwa. Tangu ile siku ya mlima ndiyo maneno pekee yanayopita kati yangu na wewe, na hayo yenyewe unayatoa kama mtu anayelipa kodi. Ukitaka chumvi unamwambia mama yako, mama yako ananiambia mimi, na chumvi yenyewe iko mbele ya pua yangu. Mama wa watu amegeuzwa simu ya upepo. Jana kaniambia, "Baba Salima, nimechoka kubeba maneno yenu. Una mkono, andika."

Ndiyo naandika.

Uko chumba cha pili. Nakusikia unavyoburuza hilo sanduku kama unaburuza maiti, makusudi, nisikie. Nimesikia. Ukuta wetu ni wa udongo, ningeweza kusema kwa sauti ya kawaida tu ukapata kila neno. Lakini nikisema utajibu, ukijibu nitajibu, na tukifika hapo mtaa mzima wa Mkomaindo utakuja na vigoda kutusikiliza. Barua haijibiwi papo hapo. Kwa mtu mwenye ulimi kama wako, hiyo ndiyo dawa pekee niliyoiona.

Habari za kukunja nguo na dawa ya homa sina. Hizo atakupa mama yako kesho mpaka uchoke. Mimi nina habari ya chuma.

Kwanza ujue unazungumza na nani, maana siku hizi naona umesahau. Darasa la nne nililiona kwa mlangoni tu, kweli. Lakini nimelala Beira, nimekula Lusaka, nimefukuzwa Blantaya. Nimefungua kichwa cha injini katikati ya mto Lukuledi, maji yamefika kiunoni, na nikakifunga, na lori likatoka. Miaka ya dhiki, spea ilipokuwa haipatikani hata kwa ndoto, nilikata gasketi kwenye katoni ya sabuni nikaipaka asali, tukafika Songea. Waliosoma wakati ule walikuwa wanaandika barua za kuomba spea. Mimi nilikuwa barabarani. Mtu kama huyo ukimwambia mbele za watu, "Baba, hujui tatizo liko wapi," unatarajia akupigie makofi?

Umenisema hivyo, Salima. Pale mbele ya nyumba, na muuza mafuta ya taa akiwa amesimama na kopo lake mkononi.

Sasa nianze mwanzo, maana najua huko Newala uendako kesho utasimulia upande wako, na mjomba wako atauongezea chumvi.

Biashara ya korosho ilipofunguliwa kwa watu binafsi, wewe ulikuwa umeshaanza kukaa chini ya lori letu, Nuna Upasuke, na spana zako. Watu walisema, mtoto wa kike gani ana grisi kwenye kucha? Nikawaambia, wangu. Mwingine akasema atakosa mume. Nikamwambia mume atakayemkosa ndiye nimwonee huruma, gari lake litamharibikia njiani. Hayo niliyasema kwa mdomo huu huu unaounyima mazungumzo.

Basi wanunuzi wa korosho wakaja, kila mmoja na mzani wake, na watu wa mlimani wakaanza kubomoa makuti na kutaka bati na sementi. Lori linalofika Newala mapema na sementi ndilo linaloteremka na korosho. Linalofika jioni linateremka na upepo. Na yakaja yale malori ya Kijapani, mapya, yenye madereva wanaotafuna chingamu. Nuna Upasuke ni ajuza wa Kiingereza, silinda sita za petroli, ana nguvu chini lakini mbio hana. Chingamu zikawa zinanipita. Mmoja alinipita karibu na Nanganga akanipungia mkono kama anavyopungiwa bibi aliyebebwa kwenda hospitali.

Mkono ule ndio ulionipeleka Dar es Salaam.

Pale mtaa wa Gerezani, duka la spea, jamaa akanitolea kemshafti imefungwa karatasi ya mafuta. Wewe unaijua, lakini barua hii mama yako ataisoma kwa siri kabla yako, acha nimweleze: kemshafti ni fimbo ya chuma iliyo tumboni mwa injini, ina nundu. Ikizunguka, nundu zinasukuma vali zifunguke, injini ivute pumzi. Springi ndizo zinazozifunga. Hii ya Gerezani nundu zake zilikuwa ndefu, zimesimama kama matiti ya mwali. Jamaa akasema, "Mzee, hii ni ya magari ya mashindano. Ukiitia, lori lako litakuwa halishikiki." Nikaangalia nundu, nikaona chingamu wote wanakula vumbi langu. Nikainunua. Springi hakunitajia, na mimi sikuuliza. Mtu aliyelala Beira aulize springi?

Nikaja nayo nyumbani, nikaiweka mezani, nikaita watu. Mjomba wako, na gereji yake huko Newala, alikuwa ameshuka siku hiyo kumwona dada yake, mama yako. Akaichukua, akaizungusha mkononi, akaichungulia, na ile sura yake ya mtu aliyenyimwa mboga. Akasema, "Shemeji, chuma hiki kitakuacha mlimani kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Utalia mee, na sisi tutakusikia kutoka juu."

Watu wakacheka. Nikamjibu, "Nyie huko juu mtanisikiaje, masikio yenyewe mnayaosha kwa zamu kwa shida ya maji?"

Akasema, "Mla panya mkubwa wewe."

Nikasema, "Na panya wetu wananona. Wenu wanakufa kiu."

Ikawa vicheko mpaka chai ikapoa. Hapo ndipo nilipoteleza, Salima, na ni utelezi wa kwetu huku, sidhani kama mtu wa Moshi angeteleza hivyo. Mimi ni Mmakua, yeye ni Mmakonde, na juu ya hapo ni shemeji yangu. Ni mtani wangu mara mbili. Mtani akikutukana, unamrudishia, unacheka, unasahau. Mtani hata msibani anaweza kulala kwenye jeneza akadai alipwe ndipo atoke, na hakuna wa kumkasirikia. Basi nimezoea toka utoto kwamba kinachotoka mdomoni mwa yule mtu ni upepo wa kuchekesha. Alikuwa ananiambia jambo la kweli, fundi kwa fundi, na mimi nikamrudishia panya.

Sitamwambia hilo. Ukimwambia wewe, nitakana, na nitasema ulikuwa na homa.

Tukaifunga mimi na wewe. Ile ya zamani nilipoitoa, nikakupa mkononi na tapeti zake zote, vile vijichuma vinavyokaa juu ya nundu. Nikakwambia, "Kauze chuma chakavu." Ukaniangalia. Ukasema, "Zote?" Nikasema, "Zote, tutabaki nazo za nini, kusongea ugali?" Ukaondoka nazo. Kumbuka hapo, tutarudi.

Siku ya kwanza kwenye tambarare ya Nanganga, usinidanganye, na wewe ulicheka. Nuna Upasuke alitoka kama amechomwa sindano. Tulimpita mmoja wa wale chingamu, na wewe ndiye uliyempungia mkono, tena mkono wa kibibi vilevile. Siku ile tulikuwa baba na mwana. Halafu nikakanyaga zaidi, injini ikapanda sauti, ikapanda, na ilipofika mahali fulani ikaanza kugugumia: ta-ta-ta-ta, nguvu zote zimekatika kama mtu kaziba pua. Nikaachia mguu kidogo, ikarudi. Nikakanyaga, ta-ta-ta.

Nikasema mafuta. Nikafungua kabureta. Siku hiyohiyo nikabadilisha plagi, nikasugua na platini zinazokata umeme wa plagi, maana nilikuwa na hasira na hasira inataka kazi nyingi. Ikawa afadhali kidogo kwa nusu siku, halafu palepale. Na sikuweza kujua ile afadhali ilitoka wapi, kwenye kabureta, kwenye plagi au kwenye platini, kwa sababu nilivigusa vyote kwa mpigo mmoja. Fundi anayebadilisha vitatu kwa pamoja ni sawa na mtu aliyepiga risasi gizani halafu anauliza nani amekufa. Huko uendako nitasikia ukifanya hivyo, na nitakuja kukucheka mbele ya wateja wako.

Halafu nikasema maji kwenye petroli. Halafu, Mungu anisamehe, nikasema majirani. Nikamtazama jirani yetu wa kuku juma zima kwa jicho baya, maskini, kumbe mtu wa watu alikuwa anasikitika tu kwamba moshi wangu unaingia kwake.

Wewe ukawa unatembea nyuma yangu unasema, "Baba, mafuta yakikatika injini inalegea polepole. Hii inakatika palepale kila siku, kwenye mlio uleule, iwe ya moto iwe ya baridi." Nikasema nyamaza. Ukasema, "Ni vali. Springi zimechoka, haziwahi kuzifunga. Nundu mpya zinazirusha, zinabaki zinaelea hewani, na injini inatoa pumzi wakati inatakiwa iibane." Nikasema vali zinaelea, ni bata hizo?

Basi ukaniudhi kwa namna utakayoniudhi nayo mpaka nizikwe. Hukubishana. Ulikwenda ukaazima springi mpya kwa yule fundi wa stendi, ukatoa moja yetu, ukaziweka kichwa kwa kichwa kwenye jiliwa, ukaanza kukaza, polepole, huku unanitazama usoni. Yetu ikajikunja yote kama jongoo aliyeguswa. Ile mpya ikabaki imesimama kama askari. Ukazitoa, ukaniwekea zote mbili kiganjani. Afadhali ungesema.

Nami nikafanya nini? Ningesema, haya mwanangu, umepata. Sikusema. Nilikata vipande vya bati vya mviringo, nikavitia chini ya springi zote zibane zaidi, na kule juu kugugumia kukakoma. Nikazunguka mtaa mzima nasema nimegundua ugonjwa. Nimegundua! Mimi! Mbele yako! Ulikuwa umekaa kwenye ndoo ya oili unafuta spana, na mdomo umeufunga hivi kama mfuko wa tambuu. Ningekuwa wewe ningenirushia spana.

Ukaniambia jambo la pili, kwa sauti ndogo. "Baba, springi ni ugonjwa mmoja. Mlima ni mwingine."

Sikutaka kusikia. Na ulinichorea kwenye vumbi kwa kijiti, ukasema kemshafti hii inachelewa kufunga mlango. Injini ikiwa inakimbia, hewa inaingia kwa fujo, kuchelewa hakudhuru. Ikiwa inazunguka polepole na mzigo mgongoni, hewa iliyokwisha kuingia inarudi ilikotoka, kama mtoto anayepuliza puto halafu anachelewa kulibana. Kwa hiyo nguvu imehamia juu, na huku chini pamebaki shimo. Ukasema, "Mlima wa Newala unapandwa polepole, Baba. Tutaingia kwenye shimo." Hapo ndipo uliponiambia sijui tatizo liko wapi. Muuza mafuta ya taa akakohoa.

Nikafuta mchoro wako kwa mguu.

Nimeandika mstari huo nikasimama kidogo. Mama yako ameniuliza kama utambi wa taa bado unavuta mafuta. Nimesema unavuta.

Siku ya mlima tulipakia sementi mpaka springi za magurudumu ya nyuma zikanyooka. Chini kote tulikwenda vizuri, naimba, wewe hujibu. Tukaanza kupanda. Gia ya tatu ikachoka, nikashusha ya pili. Mahali pale, zamani, ajuza wetu alikuwa anainama kichwa na kuchimba, dugu dugu dugu, mpaka juu. Unaweza kuwasha sigara. Safari hii nikakanyaga na chini ya mguu hakuna kitu. Patupu. Kama mtu anayeshuka ngazi gizani, anatafuta ngazi ya mwisho haipo. Nikataka kumkimbiza ili apande kule juu kwenye nguvu yake mpya, lakini kona ile huwezi kukimbiza, utakwenda na miti. Nikatafuta ya kwanza, nikaikosa, injini ikazima. Breki ya mguu ikashika nusu. Tukaanza kurudi nyuma.

Ukaruka na gogo kabla sijasema. Utingo mzuri haambiwi, na mimi ndiye niliyekufundisha hivyo, nikijisifu. Ukaliweka nyuma ya tairi, likateleza kwenye kokoto. Ukaliweka tena, ukalisukuma kwa mguu. Kwenye kioo nilikuona nusu tu, bega na kitambaa cha kichwa. Halafu sikukuona.

Gogo likashika, lori likasimama. Niliteremka nikazunguka nyuma mbio. Wewe ulikuwa umekaa kwenye majani ukingoni, umeshika mguu, mzima, vidole vyote, nilivihesabu mbele yako ukakasirika. Kandambili yako ya kulia ilikuwa chini ya tairi, imelika nusu.

Na nani atatokea juu na pikapu yake? Yeye. Katika watu wote wa uwanda ule wa juu, kutoka Tandahimba mpaka mwisho wa dunia, yeye.

Nilifanya ninachokijua. Nilimpigia kelele, "Karibu, shemeji! Umetuletea maji ya kuoga?"

Hakujibu.

Salima, wewe ni mtoto wa huku, unajua maana yake. Mtani hakujibu. Nimefukuzwa na polisi wa nchi mbalimbali sikuogopa kama nilivyoogopa pale. Akainama, akaitoa kandambili chini ya tairi kwa kuivuta, akaisimamisha mbele ya macho yangu. Akasema, "Baba Salima, na huu nao ni utani?" Si shemeji. Baba Salima. Halafu akasema, "Mtoto wa dada yangu si gogo la kuzuia tairi. Msimu huu anakuja kwangu, atafanya kazi gereji kwangu, na mengine tutazungumza ukoo."

Nilikuwa na maneno. Nina maneno siku zote. Nikageuka nikakutazama wewe, nikijua utasema kitu cha kumkata, maana ulimi wako ni wangu. Ukasema, "Nitakwenda, Mjomba."

Mbele ya watu waliokuja kushusha sementi lori lipungue uzito. "Nitakwenda, Mjomba." Kama unaitikia kwenye mahudhurio ya shule.

Hiyo ndiyo sababu ya marahaba kavu. Usidhani ni lori. Lori limekaa pale kwenye uzio tangu tuliporudi, kuku wanataga chini yake, korosho zinateremshwa na chingamu, na mama yako anapika dagaa na kunitazama. Hayo nayabeba. Lakini nakwambia wazi, na unikasirikie ukitaka: sikukulea miaka yote hii ukijua kila nati ya ajuza yule ili uende kuwakazia nati watu wa mlimani. Najua mila. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, neno la mjomba ni neno, na baba ni mtu anayekula ugali kwenye nyumba ile. Najua. Mimi mwenyewe nina watoto wa dada zangu, nimewaamulia mambo mpaka wengine wananikimbia sokoni. Lakini nilitaka useme, "Nitazungumza na Baba kwanza." Maneno manne. Ningekuruhusu palepale. Labda siyo palepale.

Sasa turudi kwenye ile kemshafti ya zamani.

Juzi ulipokwenda Nanganga kumuaga bibi yako, niliingia chumbani kwako. Ndiyo, niliingia, nyumba ni yangu. Nilikuwa natafuta fila geji, kile kipimo cha mianya ya vali, na usiniulize ya nini. Nikainama chini ya kitanda. Nikaona kitu kirefu kimefungwa kwenye ile khanga yako iliyochanika. Nikafungua.

Imepakwa grisi kila nundu. Haina hata doa la kutu. Na pembeni kuna kipande cha ubao, umekitoboa matundu, tapeti zote zimesimama ndani yake kwa mpangilio, kila moja na nundu yake, na umeandika kwa mkaa: REJETA huku, DEREVA huku, ili mtu asije akazichanganya.

Nilikaa sakafuni. Na nilikuwa na hasira, Salima, hasira ambayo sijawahi. Maana yake ni nini? Maana yake siku ile ile nilipokupa, kabla ya Nanganga, kabla ya ta-ta-ta, ulikwisha kuamua baba yako atashindwa. Ulinitazama nikicheza na kile chuma cha mashindano, ukaenda zako ukapaka grisi. Nikasema moyoni, mtoto huyu ananidharau mpaka chini ya kitanda.

Halafu nikaangalia tena ule mkaa. REJETA huku. DEREVA huku. Mtu anayekudharau haandiki hivyo. Anayekudharau anauza chuma chakavu kama alivyoambiwa, ananunua maandazi.

Mama yako akanikuta hapo. Akasema, "Alinikataza nisikwambie. Alisema utakuja kuihitaji, na utakuja peke yako, na siku hiyo watu wasiwepo."

Hasira haijaisha. Nimeitumia tu kama nilivyokufundisha. Nimetoa rejeta peke yangu, nimetoa ule uchafu wa Gerezani, nimerudisha kemshafti ya ajuza na kila tapeti kwenye tundu lake, kwa mkaa wako. Vile vipande vya bati nimevitoa chini ya springi. Nimefanya kimoja kimoja, najaribu, nasikiliza, ndipo kingine. Jirani wa kuku alikuja kunishikia taa na sikumtazama vibaya. Jioni hii ulipofika ulipita pembeni ya turubai nililofunikia lori bila kugeuza shingo, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake na spana mkononi, nimebana pumzi kama mwizi. Mikono yangu unaona ilivyo, karatasi imechafuka. Uchafu huo ni wako pia.

Ile ya mashindano nimempa mama yako. Amefungia kamba ya kuanikia nguo.

Kwa mjomba wako, sikiliza. Ni fundi. Sikusema mzuri, nimesema ni fundi. Akikutukana, cheka, lakini jioni ukae uyapitie matusi yake moja moja kama unavyochambua mchele. Mimi sikuchambua. Na mteja akija na kitu kinachong'aa kwenye karatasi ya mafuta, mwulize njia yake inapanda wapi. Na ukiona kitu, usiseme kwa sauti ile ndogo. Nilikunyamazisha mimi, najua nani alianza, lakini ungepiga kelele, Salima. Ungenirushia hiyo spana. Afadhali nundu ya kichwani mwangu kuliko kandambili ile.

Nguo umeshafunga, nasikia kimya. Basi nimalizie.

Kesho usiende stendi. Tiketi ya basi mpe mama yako, ataenda nayo kumwona kaka yake siku nyingine. Sanduku litapanda Nuna Upasuke. Ameshawaka, anadunda kama zamani, lakini mlima sijampandisha. Ningeweza leo mchana. Nimekataa. Kuna sikio nalihitaji ndani ya kebini, na sikio hilo lilikuwa Nanganga kwa bibi.

Gogo usiliguse. Nimelifunga cheni, linaburuzika lenyewe nyuma ya tairi. Lori likirudi hatua moja tu, linalikanyaga na kusimama. Nimelichonga kabari nzuri, nimelipigilia misumari isiteleze kwenye kokoto. Kwenye lori langu hakuna mtu atakayeruka tena, si wewe, si mwingine. Mjomba wako akiwa amesimama pale juu anatungoja, alione hilo gogo kwanza kabla hajaniona mimi.

Kuanzia kona ya kwanza mpaka juu utasikiliza wewe, nami sitabisha. Ukisema shusha gia, nitashusha. Tukifika juu ndipo nitabisha, tena mbele yake, ajue nimefika.

Na asubuhi unisalimie kwa sauti, mama yako asikie kazi ya kubeba maneno imekwisha.

Ni mimi baba yako, nimenuna bado, sijapasuka.